Mkalimani wa Mafungu Matatu

Upepo wa Agosti umeamka kabla ya watu. Unavuma kutoka upande wa vilima, unafagia uwanja wa ghala la zamani la ushirika, unabeba majani makavu ya mahindi na mifuko ya plastiki, na kila anayefika anakuja amejifunika uso kwa ncha ya kanga au kwa kola ya koti. Katikati ya uwanja Priska Ndahani amepiga magoti. Mbele yake kuna vipande vya karatasi ngumu vyenye majina ya wakuu wa kaya, na juu ya kila kipande ameweka kokoto, upepo usije ukawachanganya wenye nacho na wasio nacho.

Kokoto ni zake mwenyewe. Aliziokota korongoni, akaziosha, na huzitembeza katika mfuko wa kitambaa wenye madoa ya vumbi la vijiji vingi.

"Leo mnatupanga tena kama mahindi," anasema mzee mmoja aliyeegemea ukuta wa ghala. "Daraja la kwanza, daraja la pili, na yale ya kulishia kuku."

"Wewe, babu, tutakuweka mbegu," Priska anamjibu kwa Kigogo, na uwanja mzima unacheka.

Kijana mwenye miwani, aliyesimama na kalamu mkononi, anageuka kuuliza wamecheka nini. Priska anamweleza kwa Kiswahili. Naye anacheka, peke yake, wakati wengine wamekwisha nyamaza. Wazee wanamtazama, kisha wanaanza kucheka upya, safari hii kwa ajili yake.

Priska ana umri wa miaka thelathini na minane na anaishi Kibaigwa, mji wa mahindi ulio kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Malori yakiwa mengi, kazi yake ni kushona midomo ya magunia sokoni, kwa sindano ndefu na kamba ya katani, kwa malipo ya shilingi thelathini kwa gunia. Magunia yanapopungua, kama yalivyopungua mapema mwaka huu, huenda na watafiti vijijini kama mkalimani. Siku moja ya kutembea juani na kutafsiri humpatia shilingi elfu mbili na mia tano.

"Watu huniuliza, ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kusema," anasema huku akikung'uta magoti. "Nawaambia, si kusema tu. Ni kubeba neno la mtu, ukalifikishe, halafu uliache huko huko. Usirudi nalo nyumbani."

Hilo la mwisho, anakiri kwa sauti ya chini, hajalimudu bado.

Wanachokitafuta watafiti hawa ni tofauti za maisha kati ya kaya na kaya, tangu biashara ilipoachiwa watu binafsi. Ghala lililo nyuma ya Priska lilikuwa likinunua mahindi ya kila mwanakijiji kwa bei moja. Sasa kufuli lake limeshika kutu, na mnunuzi ni yule anayekuja na lori. Mwenye akiba ndani husubiri bei ipande. Asiye nayo huuza mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, kisha mwezi wa kwanza huyanunua tena kwa bei ya yule yule mwenye lori. Shule nayo ina mchango wake siku hizi, na zahanati ina wake.

Njia yao ya kuchunguza ni rahisi kuitazama. Majina ya kaya yanasomwa moja moja, na wenyeji wenyewe wanaamua kila jina likae fungu gani kati ya mafungu matatu: wanaojiweza, wa katikati na wasiojiweza. Mtafiti hapangi. Anauliza tu kwa nini, na anaandika.

Kijana mwenye miwani anaitwa Anyitike. Ni mzaliwa wa Tukuyu, anasomea shahada ya pili ya sosholojia Dar es Salaam, na huu ni mwaka wake wa pili kufanya kazi na Priska. Siku ya kwanza walipokutana alimwambia kwamba katika fani yake mtu hapimwi kwa mali peke yake. Kuna mali, kuna heshima, kuna sauti, yaani neno la mtu kusikilizwa panapokatwa shauri. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa viwili.

"Nilimsikiliza nikajisemea, huyu kijana amesoma mpaka amefika nyumbani kwetu," Priska anakumbuka. "Baba yangu alikuwa na heshima tele. Mali yake ilikuwa baiskeli."

Baba huyo alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Anglikana. Wahubiri wageni walipokuja, wengi wakiwa hawajui Kigogo, alimsimamisha binti yake mbele ya watu atafsiri, kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu nzuri na hakuogopa macho ya watu. Huko ndiko alikojifunzia sheria ambayo anaifuata hadi leo: mkalimani haongezi wala hapunguzi. Mhubiri akikosea, umekosea naye.

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akaolewa na Geofrey, fundi baiskeli wa Kibaigwa. Wana watoto wawili. Maisha yangeendelea hivyo hivyo, kati ya spana za mume na sindano ya mke, kama watafiti wasingefika sokoni kuuliza nani anajua lugha zote mbili vizuri.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa katika kijiji cha Mlangwa, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Kibaigwa. Ilikuwa Oktoba mwaka jana. Mvua kubwa zilizotangulia zilikuwa zimezoa mashamba ya bondeni, na vihenge vingi vilikuwa vitupu. Shirika moja la hisani lilikuwa limeahidi kuwalipia mchango wa shule watoto wa kaya zitakazoonekana hazijiwezi, na likakubali kutumia mafungu ya Anyitike kuzichagua.

Kwa hiyo mafungu ya Mlangwa hayakuwa ya kuandikia kitabu tu. Jina likikaa pabaya, kuna mtoto ambaye hataingia darasani.

Wanaume walikutana kwanza. Walipofikia jina la Mzee Methusela Chimola, sauti zilitoka pande zote kwa pamoja.

"La kwanza hilo."

"Zizi lake limejaa, unauliza nini tena?"

Mzee Methusela mwenyewe alikuwa ameketi mbele, mgongo umenyooka, fimbo kati ya magoti. "Mungu amesaidia," alisema, na watu wakaitikia kwa heshima. Priska alitafsiri. Anyitike akaandika.

Jina la Sostenes lilipofuata, mambo yalikuwa mengine. Sostenes ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa, mwenye nyumba ya mabati na redio inayosikika mpaka barabarani, lakini kwao ni Mlangwa.

"Huyo wa katikati," walisema. "Zizi lake lina mbuzi."

"Na ile nyumba ya mabati?" Anyitike aliuliza.

"Nyumba si ng'ombe," alijibiwa, na hapo mjadala ukafungwa.

Priska alitafsiri hilo pia, neno kwa neno. Lakini moyo wake, anasema, ulikuwa umesimama nyuma, kwenye kipande cha karatasi cha Mzee Methusela.

Kati ya Wagogo kuna desturi ya zamani iitwayo kukoza. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa kwa watu anaowaamini wamtunzie, huyu wawili, yule watano. Ukame ukipiga huku, huenda kule pakabaki majani. Mtunzaji hunywa maziwa, hutumia samadi shambani, na mara nyingine hupewa ndama. Mbele za watu husema "ng'ombe zangu", na hakuna mwenye adabu atakayemuuliza zaidi. Kumtaja mwenyewe hadharani ni kumvua mtunzaji nguo na kumwonyesha mwenye mali kwa wakati mmoja. Mara nyingi yakishasemwa hivyo, ng'ombe huondoka, mwenyewe huja kuwachukua.

Priska alijua ng'ombe wa zizi lile ni wa nani. Mwaka ule wa mvua kubwa, akiwa anashona magunia sokoni, alimwona Mzee Methusela akifika kwa Sostenes na ngozi mbichi ya ng'ombe aliyekufa, ameikunja na kuifunga nyuma ya baiskeli. Mtu hapeleki ngozi ya ng'ombe wake kwa mtu mwingine. Mtunzaji ndiye hupeleka, mwenyewe aone kwamba mnyama alikufa kweli na hakuuzwa.

Alijua pia kwamba mjukuu wa mzee huyo, Gladness, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa nyumbani tangu muhula uanze kwa kukosa mchango. Wazazi wa binti walikuwa wamefariki. Shangazi zake wameolewa mbali.

"Nilikaa pale nikaona wanaume wote wale wanajua ninachokijua," anasema. "Hakuna aliyesema uongo. Walikuwa wanafanya adabu. Ila adabu yao ilikuwa inamtoa mtoto shuleni."

Alasiri ile Priska alimfuata mzee zizini kwake. Hakwenda kama mkalimani. Alikwenda kama mtoto wa mwinjilisti, akasalimia, akapewa kigoda, na wakazungumza habari za mvua hadi heshima ikatosha.

"Babu, lile fungu ulilowekwa leo," alianza.

"Limefanya nini?"

"Wanaotakiwa kulipiwa shule ni wa fungu la tatu. Gladness yuko hapa nyumbani."

Mzee Methusela alimsukuma ndama kando kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti.

"Mwanangu, wewe unataka niseme nini? Niseme mbele ya kijiji kwamba hizi si zangu? Nikisema leo, kesho zinaondoka. Gladness akienda shule atakunywa nini akirudi? Ubao?"

"Sijasema useme, babu."

"Basi na wewe usiseme."

Mkewe, Cecilia, alikuwa akipeta mtama hatua chache kutoka pale. Hakuinua kichwa. Ungo wake tu ndio ulibadilika mlio.

Siku iliyofuata, kabla kikao cha pili hakijaitishwa, Priska alidandia baiskeli ya Geofrey akaenda kumtafuta mtu wa pili aliyekuwa na haki ya kusema. Alimkuta Sostenes sokoni Kibaigwa, juu ya rundo la magunia, akibishana na dereva.

"Dada Priska, karibu. Unatembea na wasomi siku hizi, utatusahau sisi watu wa katani."

"Nimekuja kwa habari ya zizi la Mlangwa."

"Zizi gani? Mimi nina mbuzi."

"Shemeji, mimi ndiye ninayeshona magunia yako. Nakaa pale kutwa nzima na macho yangu."

Sostenes alishuka chini ya rundo. Si mtu mbaya, Priska anasisitiza, na hapendi aandikwe kama mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba ng'ombe wakijulikana ni wake, kila ndugu mwenye shida atajua njia ya kwake, kila mchango wa kata utaanzia mlangoni pake, na mwaka wa njaa atakuwa wa kwanza kutajwa. Ng'ombe wake, alisema, wako salama kwa sababu hawana jina.

"Huyo mtoto nitamlipia mimi," alisema mwishoni. "Mwambie mzee aje achukue."

"Hatakuja."

"Kwa nini?"

"Atakujaje kuchukua kwako, wakati yeye ndiye mwenye ng'ombe?"

Sostenes alicheka, kisha akaacha. Akarudi juu ya magunia yake. Priska akarudi Mlangwa mikono mitupu, upepo ukimpiga usoni njia nzima.

Anyitike alikuwa akimsubiri mlangoni mwa ofisi ya kijiji, kitabu kimefungwa. Naye alikuwa na lake.

"Dada Priska, nimepita kwa yule mzee mwenye ng'ombe wengi. Nimemkuta mjukuu wake anasomba maji saa za masomo. Kuna kitu nimekosea?"

"Umeandika kilichosemwa."

"Najua nimeandika kilichosemwa. Nauliza kama nimekosea."

Priska aliegemeza baiskeli ukutani. Anyitike, ambaye wakati ule alikuwa mgeni wa desturi za huko lakini si mgeni wa watu wanaonyamaza, hakumsukuma. Alisema tu kwamba leo ni zamu ya wanawake, peke yao, kwa maana utaratibu wake unadai hivyo. Priska anakumbuka alivyokereka. Aliona ni kupoteza siku. Wanawake wangerudia walichosema waume zao, maana waume zao ndio walioandikwa majina kwenye zile karatasi.

Wakakaa kwenye kizingiti kupitia maswali. La kwanza liliuliza nani ana mifugo. La pili, nani ana shamba. Swali la mwisho kabisa, ambalo siku ya wanaume watu walikuwa wamekwisha choka hata likarukwa, liliuliza nani katika kijiji humlimia mwenzake kwa malipo.

"Hili," Priska alisema, akaweka kidole. "Hili lianze. Na yale ya juu tusiyaulize kabisa."

"Tukiacha mifugo, nitalinganishaje na kikao cha wanaume?"

"Sijui utalinganishaje. Mimi nakuomba."

Anyitike alilisoma tena lile swali. Profesa wake, alisema, ndiye aliyelipenda. Yeye mwenyewe alikuwa ameliweka mwisho kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Akatoa kalamu, akalihamishia juu.

Wanawake walikaa uwanja huo huo wa upepo, kanga zimefungwa imara, watoto mgongoni. Priska aliwaeleza kwa Kigogo. Mwezi wa pili, palizi imepamba moto, majani yamekufika magotini shambani kwako, nani anaacha shamba lake akaenda kulima la mwenzake kwa debe la mahindi?

Kikao kiligeuka soko. Wanawake walitajana kwa vicheko, wakakumbushana nani alilimia nani, nani alilipa debe lililojaa na nani alilipa debe la kupunja.

"Huyo mtamweka la kwanza, na jembe lake halijawahi kuona jua."

"Jembe lake ni mimi. Niwekeni mimi kwake, tuwe fungu moja."

Vipande vya karatasi vilianza kuhama, kokoto zikihama navyo. Majina matatu au manne yaliyokaa juu siku ya wanaume yaliteremka bila mtu kuinua sauti. La Sostenes lilipanda, kwa kuwa shamba lake la Mlangwa lililimwa na wengi. Kisha likaja la Methusela Chimola, na kikao kikapoa.

Wanawake walitazama chini. Mmoja alianza kumfunga upya mtoto aliyekuwa amefungwa vizuri. Priska alirudia jina mara moja tu, kama sheria inavyotaka.

Cecilia alikuwa ameketi mwisho wa mstari. Alisimama, akajikung'uta, akaja katikati. Aliinua kokoto, akaokota kile kipande, akakiweka fungu la tatu, na kukigandamiza kwa kokoto ile ile kama mtu anayefunika chungu.

"Mama, hapo ni kwa wasio..." mmoja alianza.

"Mmeulizwa nani analima kwa mwenzake," Cecilia alisema. "Mwaka huu nimelima kwako, nimelima kwa huyu, nimelima kwa dalali. Ng'ombe hamkuulizwa."

Akarudi kukaa. Priska alitafsiri. Hakuongeza neno wala kupunguza.

Januari mwaka huu Gladness alirudi darasani. Anyitike alipeleka mafungu ya wanawake, shirika likayapokea, na limelipa mchango wa shilingi elfu mbili kwa kila mtoto wa fungu la tatu. Ng'ombe hawakuondoka. Hakuna aliyewataja, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwafuata. Sostenes anaendelea kuwa na mbuzi.

Mtu angetamani kuishia hapo, lakini baada ya kile cha wanawake kulikuwa na kikao cha tatu.

Utaratibu wa utafiti ulidai matokeo yarudishwe kwa wenyeji, yasomwe mbele ya wote, wanaume kwa wanawake, ili asiwepo wa kusema amechunguzwa kwa siri. Anyitike alisoma majina kwa Kiswahili. Priska aliyarudia kwa Kigogo. Alipofika fungu la tatu, aliliona jina linakuja, mstari wa tano kutoka juu, na hakuwa na mahali pa kulikwepea.

Akalisema.

Mzee Methusela alisimama kwa fimbo yake, akavuka uwanja katikati ya watu, hakuharakisha, akaenda zake. Watu walimpisha kama kawaida. Tangu siku ile hajaitikia salamu ya Priska.

"Nilichunga ng'ombe wasitajwe," Priska anasema. "Nikamtaja mzee mwenyewe."

Anyitike naye hajalimaliza jambo hili. Katika vitabu vyake, anasema, heshima ni safu moja na mali safu nyingine, na mtafiti huzipima zote. Hakuna kitabu kilichomwambia kwamba kuipima moja mbele ya watu kunaweza kupunguza nyingine. Kuanzia mwezi wa tatu waliacha kusoma majina hadharani. Sasa kikaoni wanasema tu kaya ngapi ziko wapi, kisha wanapita nyumba kwa nyumba, wanakaa, wanaongea habari za mvua, na kila mtu anaambiwa lake akiwa kwake. Kazi imekuwa ndefu zaidi. Profesa amelalamika kuhusu mafuta ya gari.

Saa saba mchana kikao cha leo kinakwisha. Priska anakusanya kokoto mfukoni na kuwaaga wazee, ambao wanataka kujua kama mbegu hulipwa. Gari la Anyitike linarudi Dodoma kwa njia ya juu, lakini Priska haombi lifti. Anashika njia ya chini, ya miguu, inayozunguka kupitia Mlangwa.

Hupita hapo kila akiwa na kazi upande huu. Zizi la Mzee Methusela liko kando kabisa ya njia. Leo mzee yupo, anarekebisha mlango wa miti, ameipa njia mgongo.

"Mbukwa, babu," Priska anasalimia kwa Kigogo, akisimama.

Mzee anapigilia kigingi. Ng'ombe mmoja anageuza kichwa.

Priska anangoja kiasi cha adabu, kisha anaanza kuondoka. Hajafika mbali anasikia miguu nyuma yake. Ni Cecilia, amebeba kibuyu.

"Mzee amesema apewe mtu aliyeko njiani," anasema. "Hakusema nani."

Ni maziwa ya mgando, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Priska anapiga goti kuyapokea kwa mikono miwili, kisha anasimama kwenye vumbi na kuyanywa yote. Cecilia naye anangoja akiangalia mashamba, ambako mwezi wa pili atakuwa tena na jembe kwa watu. Anasema Gladness amekuwa wa nne darasani kwao, kisha anaongeza kwamba hesabu bado zinamsumbua.

Cecilia anapoondoka, Priska anajifuta midomo kwa upande wa kanga. Mwakani, anasema, kama Mungu akipenda, angetaka kujiunga na masomo ya watu wazima Dodoma mjini, apate cheti cha kidato cha nne, ili siku moja maswali ayaandike mwenyewe na si kuyabeba tu. Amekwisha zungumza na Geofrey, ambaye amesema baiskeli ipo.

Lakini hilo ni la mwakani. Anageuka kutazama alikotoka. Mzee bado yuko mlangoni mwa zizi, na bado ameipa njia mgongo.

"Asiye na kitu hampi mpita njia maziwa," anasema. "Leo ameniambia yuko fungu gani. Ameniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa katika lile la kwanza."

Anauweka vizuri mfuko wa kokoto begani. Jumatano ana kazi upande huu tena. Atapita njia ya chini, atasimama pale pale, na atasalimia.